Neno la Kiti cha Kushoto

Jua la Lodwar halina adabu. Asubuhi ile lilikuwa limeshakichoma kituo cha mafuta na wote waliokuwamo: waendesha boda boda, kina mama wenye mitungi, mbuzi wawili wasiojulikana ni wa nani, na msichana mmoja mrefu, mwenye kilemba cha rangi ya chungwa na suruali ya jinzi, aliyekuwa akipiga honi kana kwamba ameajiriwa kwa kazi hiyo.

Lori la maji lilikuwa limemzibia njia. Dereva wake alishuka bila haraka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na miguuni akala za tairi.

"Ejok, madam," alimsalimia kwa Kiturkana.

"Mimi si madam. Toa lori."

"Lori inakunywa. Ikishiba itatoka."

"Na mimi nikichelewa kozi, wewe ndio utaniombea msamaha?"

"Kozi ya nini?"

"Ya kuendesha gari."

Kijana akaitazama pikapu yake, akamtazama na yeye. "Kwani hapa umeletwa na ngamia?"

Msichana alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamponyoka. Alikuwa na kicheko cha wazi. Kijana akalisogeza lori hata kabla tangi halijajaa.

Kumbe walikuwa wanakwenda mahali pamoja. Kozi ilikuwa ya watu wanaojua kuendesha tayari: kulitawala gari kwenye mchanga, kufunga breki ghafla bila kupinduka, kulirudisha barabarani likiteleza. Mwalimu Nakuleu, mama mnene mwenye miwani ya jua na sauti ya kuamsha kijiji, aliwagawa wanafunzi wawili wawili.

"Akuch wa Kakuma, na Ethuro wa Kanamkemer. Gari moja. Na wewe Ethuro, kesho uje na viatu, akala zinanasa kwenye pedeli."

Akuch aliinamisha kichwa kuficha tabasamu.

Sheria ya Nakuleu ilikuwa hii. Mwenye usukani anasema kwa sauti kila anachokiona na kila anachotaka kufanya. Mwenzake wa kiti cha kushoto ananyamaza. Amepewa neno moja tu, nalo ni "simama". Akilisema, dereva anasimama papo hapo, bila maswali.

Akuch alisema kama redio. "Naona mbuzi kushoto, naona mtoto nyuma ya mbuzi, napunguza, naona mama anamwita mtoto, na mama mwenyewe amekasirika..."

Ethuro alikuwa mtihani. "Naona barabara," alisema.

"Hiyo tu?" Nakuleu alifoka kutoka kiti cha nyuma.

"Ni ndefu."

Jioni walikula nyama ya mbuzi ya kuchoma kando ya barabara, na Akuch alipokwenda kulala kwa shangazi yake wa Lodwar, simu ya Ethuro ikawa haipoi.

"Umefika kwa shangazi?"

"Nimefika. Sema kitu, Ethuro. Wewe ndio umepiga."

"Nasikiliza vile unapumua, mrembo."

"Ala! Kumbe huyu bubu anajua maneno."

Usiku huo Akuch alimweleza lililomleta. Kliniki moja ya Kakuma, ambayo alikuwa akiiendeshea pikapu ya dawa, ilitafuta dereva wa ambulensi. Angepata kazi hiyo akifaulu kozi. Aliitaka kuliko kitu chochote. Mama yake alizidiwa na uchungu wa kuzaa kwenye kambi ya wakimbizi, gari likachelewa, na hakurudi nyumbani. Ndiyo maana msichana wa watu alimsumbua mjomba wake Jok mpaka akampatia kibali cha kutoka kambini.

Ethuro alisikiliza yote. Kliniki ile ile ilikuwa imemwita yeye kwa kazi hiyo mwezi uliopita, naye alikataa. Angeweza kusema. Akasema, "Utapata, mpenzi," na kulala.

Siku ya mtihani walitoka kwa njia ya Lokichar mpaka kwenye laga pana, mto wa mchanga usio na hata tone la maji. Akuch alikuwa kwenye usukani, kilemba amekikaza. "Naona laga. Mchanga laini. Gia nzito, mwendo mmoja, sisimami mpaka ng'ambo." Gari likaingia, likanguruma, likafika katikati. Mbali, juu ya vilima, palikuwa na wingu jeusi, la aina inayoweza kushusha maji ya ghafla mpaka lagani.

"Simama!" Ethuro alipiga kelele.

Akuch akasimama, maana hiyo ndiyo sheria. Magurudumu yakadidimia, gari likakaa juu ya tumbo lake.

Wote waligeuka kutazama mkondo ulikotoka. Hakukuwa na maji. Walingoja, wakachimba, trekta likaja kuwavuta, na maji hayakuja.

"Ethuro, umeona nini?" Akuch aliuliza, mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

Ethuro akainama kukung'uta mchanga kwenye magurudumu.

Nakuleu aliandika kwamba Akuch ameanguka, na mtihani wa Ethuro akauahirisha. Waliporudi mjini, Baudouin, dereva Mkongomani waliyesoma naye kozi, alimsogelea Akuch kwa huruma yake yenye kelele.

"Dada, ule bwana alikufunga njia, kweli. Hukujua? Ile kliniki ilimwita na yeye. Kazi iko ya mtu moja tu."

Akuch alihisi moyo wake unadidimia kama gari lile. Asubuhi hakumuaga mtu. Alishika njia ya Kakuma, machozi na vumbi vikimchanganyikia usoni, na simu ikilia juu ya dashibodi bila kupokewa.

Alipokea siku moja tu, akiwa ameketi nje ya nyumba ya mjomba wake.

"Akuch..."

"Kliniki ilikuita wewe?"

"Iliniita, lakini..."

"Na hukuniambia. Ile siku uliona nini kwa laga?"

Akamsikia anapumua tu.

"Ethuro, mimi sisikilizi pumzi. Maji ilikuwa wapi?"

"Haikuwa."

"Basi usinipigie." Akakata, akalia mpaka mjomba Jok akazima redio.

Ethuro alikaa na simu mkononi akijichukia. Mwanaume mzima, anayeweza kutoa lori shimoni kwa gia ya nyuma, ameshindwa kutoa sentensi moja! Akavaa viatu, akaenda kwa Mwalimu Nakuleu, na kwa mara ya kwanza maishani akazungumza mpaka chai ikapoa.

Nakuleu alivua miwani. "Kosa la kiti cha kushoto si kosa la dereva. Nitamwita arudie. Lakini haya uliyoniambia mimi, yana mwenyewe."

"Hapokei simu yangu."

"Mtakuwa gari moja. Atakimbilia wapi?"

Mjomba Jok alihangaika tena na kibali, akinung'unika kwamba Lodwar imegeuka kuwa kanisa la kuendewa kila wiki. Akuch aliwasili na gauni la kitenge cha buluu na uso uliofungwa. Ethuro alisema "Ejok." Akuch alifunga mkanda.

"Leo," alimwambia bila kumtazama, "kama huoni maji, usifungue mdomo."

Walifika kwenye laga. Wingu lilikuwepo tena juu ya vilima, kama limengojea. "Naona laga," Akuch alisema. "Naona wingu. Nasimama hapa juu, kwa udongo mgumu, nashuka kuangalia." Alishuka, akautazama mkondo, akapiga mchanga kwa kisigino, akarudi. "Kukavu. Gia nzito. Sisimami."

Gari likaingia. Ethuro aling'ang'ania mlango, macho wazi, mdomo umefungwa. Magurudumu yakashika ng'ambo. Nakuleu akapiga makofi mara moja.

"Umefaulu, mama. Badilishaneni."

Akuch alihamia kushoto, furaha na hasira vikigombana kifuani. Ethuro akawasha gari, akalivusha laga kurudi Lodwar, akimtaja kila mbuzi. Walipotoka mchangani na kushika barabara ngumu, akapunguza mwendo.

"Naona mgunga kulia. Hapo ndipo tulipata lori ya ndugu yangu Lokuruka. Maji ilishuka kutoka vilimani, ikabeba lori kwa laga, na hapa hakukuwa na mvua. Yeye tulimpata mbali." Akabadili gia. "Ile siku sikuona maji. Niliona Lokuruka, halafu nikaona wewe uko kwa kiti yake. Nikaogopa, nikakuharibia. Naona ngamia mbele, napunguza."

Akuch alimgeukia.

"Kliniki iliniita mimi, nikakataa, kwa sababu nilijua kila siku nitaivuka hii laga na hofu. Nilikuwa nimekataa kabla sijakujua. Sikusema. Hiyo ni kosa yangu, na ni kubwa. Ngamia wamepita, naongeza."

"Barabara, dereva!" Nakuleu alisema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

"Naiona, Mwalimu. Naona pia abiria kushoto, amefunga mkanda, bado amekasirika, na kitenge ya buluu inamkaa vizuri sana. Nampenda. Nataka kwenda kwa mjomba wake kumwomba anioe... hapana, nimuoe mimi. Naona usukani, naushika vizuri."

"Simama!" Akuch alisema.

Ethuro akafunga breki jinsi alivyofundishwa, pole pole kisha kwa nguvu, na gari likatulia kando ya barabara bila hata kuyumba.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu. Ardhi ni ngumu, hatuzami." Akuch alikuwa analia na kucheka kile kicheko cha kituo cha mafuta. "Lakini hilo jambo silijibu gari ikitembea. Ndiyo, Ethuro. Na mjomba atataka ng'ombe, usimletee hizi mbuzi zako unazozihesabu barabarani."

Nakuleu alifungua mlango ghafla, akasema anakwenda kuangalia tairi la nyuma. Aliliangalia tairi lile kwa muda mrefu sana, na lilikuwa zima kabisa.

Aliporudi, Ethuro alikuwa ameushika mkono wa Akuch, macho yamemjaa maji.

"Washa gari," Akuch alimwambia kwa upole. "Ukinioa, utakuwa unasema yote hivyo, mpaka Kakuma."

"Kakuma ni mbali."

"Ndiyo. Kwa hivyo anza."

Ethuro akawasha gari, akatazama kioo, akasema kwa sauti, "Naona barabara. Ni ndefu. Naipenda."