Mvumo wa Fulgence

Jumanne ya tarehe 17 Juni, saa kumi na moja na dakika tano jioni, Notburga Ngonyani wa Mfaranyaki alichomeka gitaa la marehemu mumewe kwenye amplifaya, akawasha, akakaa kwenye kochi kusikiliza. Hakusikia kitu. Alipogusa uzi, gitaa lililia vizuri tu. Kesho yake asubuhi alikuwa kaunta ya polisi.

"Umeibiwa nini, mama?" aliuliza askari wa zamu.

"Mvumo."

Kaunta nzima ilicheka, na siwalaumu. Hata mimi ningecheka. Sajenti Jane Nyoni wa upelelezi peke yake ndiye aliyevuta kiti. Mama yake mwenyewe alikuwa bado anatandika upande wa kitanda wa baba aliyekwisha kufa, kwa hiyo alijua mjane hatoki nyumbani alfajiri kwa ajili ya mzaha.

"Shikamoo, mama. Nieleze taratibu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijui kupiga gitaa. Lakini Fulgence kabla hajapiga alikuwa analiwasha, linavuma mmm, naye anakaa kimya anafikiri. Niko jikoni, nikisikia ule mvumo najua yupo. Toka tumzike mwezi wa kumi na moja, kila jioni naliwasha dakika kumi. Nafumba macho, yupo. Sasa wamemchukua."

Kwenye jalada Jane hakuandika "mvumo", maana hakutaka naye achekwe. Aliandika "kifaa cha gitaa", akalichukua gitaa nyumbani kwa mama huyo, akalibeba mpaka kwa Chande, fundi redio kutoka Tunduru mwenye banda hapo hapo Mfaranyaki. Hakwenda kutafuta ufundi tu. Ijumaa tarehe 13 Chande alikuwa sebuleni kwa Notburga akitengeneza amplifaya.

"Wallahi, afande, gitaa sikuligusa," Chande alisema, huku akifungua skrubu. Kisha akainamia vipande vitatu vilivyolala chini ya nyuzi. "Hizi ni pikapu. Ndizo zinazodaka sauti ya nyuzi. Za zamani zina koili moja ya waya, zinadaka mpaka umeme wa taa, ndiyo maana zinavuma. Hizi ni za kimya. Ndani kuna koili mbili zimepandana, kelele ya hii inaiua kelele ya ile."

Alichomeka gitaa la mteja, la koili moja. Likavuma. Alipoligeuza kuelekea mlangoni mvumo ulipungua, alipolirudisha penye taa ukapanda. La Fulgence aliligeuza kila upande, kimya.

"Ipi nzuri?" Jane aliuliza.

"Kwa kurekodi, hizi. Safi! Ila zile za zamani zina ukali mtamu, hizi zimepoa kidogo. Lakini afande, hizi mpaka uagize. Mwizi gani anaiba kuukuu anaacha mpya?"

Jane alinusa vifuniko vya pikapu. Vilikuwa vimefifia sawasawa na gitaa lenyewe, ila vilinukia kahawa. Mtu alivichovya ili vionekane vizee, kwa hiyo alikusudia kujificha. Akaona na jambo la pili: nyuzi zote zilikuwa mpya, na uzi wa nne ulikuwa mwembamba kama wa kwanza.

"Kwa kawaida wa nne ni mnene," Chande alisema. "Aliyeweka huu simjui. Mimi hata kutyuni sijui."

Saa nane mchana Jane alikuwa Bombambili kwa Valence, mpiga gitaa wa kwaya, aliyeliazima gitaa hilo Jumamosi.

"Lilivuma lini mara ya mwisho?"

"Jumapili kwenye misa. Lilivuma mpaka padri akanikazia macho."

"Ulibadili nyuzi?"

"Mmoja tu, afande. Wa nne ulikuwa mwembamba, unaharibu nyimbo zetu. Nikaweka wa kawaida, nikasahau kuurudisha. Baada ya misa nililiacha ukumbi wa kanisani, Mzee Kajetani akafunga. Jumatatu jioni nikampelekea mama bila kuliwasha."

Kama Valence alisema kweli, kuna mtu aliyeurudisha ule uzi mwembamba kwa mkono wake mwenyewe. Kama aliongopa, basi mwizi ni yeye. Jane akaenda kwa mtunza ukumbi.

"Shikamoo, mzee. Jumatatu nani aliingia humu akaligusa gitaa?"

"Marahaba. Mimi na fagio langu," alijibu Mzee Kajetani. "Gitaa mimi? Binti, hata sijui lina nyuzi ngapi."

Jioni Jane alimuuliza Notburga kuhusu uzi mwembamba, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huo ulikuwa mtindo wa bendi yao, ili gitaa la pili lilie juu, lijibizane na la kwanza. Walikuwa wanne. Wawili walishakufa, na Fulgence wa tatu. Wa nne, Fulgence alimwita Pacha tu. Waligombana, Pacha akavuka kwenda Msumbiji. Mimi niliolewa baadaye, sura yake siijui. Fulgence alimngoja mpaka anakata roho."

Alhamisi tarehe 19, saa tisa alasiri, Jane aliwakusanya ukumbini Notburga, Chande na Valence. Mzee Kajetani alikuwa mlangoni na fagio. Jane alikuwa ameagiza uwekwe uzi wa nne mnene, akamwomba Valence apige wimbo wa Fulgence.

Ubeti wa kwanza haukuisha.

"Acha!" Mzee Kajetani alifoka. "Uzi wa nne si huo! Unamharibu!"

Wote wakageuka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mzee huyu ilikuwa na urefu wa ukumbi mmoja.

"Jana hukujua lina nyuzi ngapi, Mzee Pacha," Jane alisema kwa upole.

Kajetani aliliachia fagio likaanguka, akakaa kwenye benchi.

"Nilirudi Machi kuja kumwomba radhi. Nikaambiwa amezikwa Novemba. Nikaona aibu kwenda pale nyumbani, nikatafuta kazi hii. Jumapili nikausikia mvumo. Pikapu zile tulizisuka wenyewe, mimi na yeye, kwa waya wa mota mbovu. Hizi za kimya nilikuwa nimeziagiza kwa gitaa langu. Nikasema nimwachie mjane kilicho bora, mimi nichukue kibovu. Nani angelilia kelele?"

"Ziko wapi?"

"Kwangu Mshangano. Leo leo nazirudisha. Kisha unifunge, afande."

Jane alimtazama Notburga, mwenye mali. Mama huyo alisimama, akatembea polepole mpaka kwenye benchi, akakaa kando ya yule mzee.

"Ukiziwasha, unasikia nini?"

"Namsikia yupo," Kajetani alisema, machozi yakimtoka. "Anataka kuanza."

"Alikungoja miaka yote. Sahani yako ilikuwepo kila Krismasi." Notburga alimshika mkono. "Na mimi miezi saba nakaa naye peke yangu, shemeji. Ulishindwaje kubisha hodi?"