Niliikuta Pijo ya Baba Imepambwa Maua Mbinga

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Matogoro, hapa Songea. Ninashona, ninalima bustani, maisha yanakwenda. Lakini mpaka leo nikisikia gari linapanda kuja kwetu, siwezi kukaa... nasimama! Ndugu wasomaji, nisikilizeni niwaeleze kilichonifikisha hapa.

Baba yangu alikuwa dereva. Alipostaafu alinunua gari kuukuu, Pijo, kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilitembea kidogo tu ikafa, tena wakati ule ambao vipuri vilikuwa havionekani hata kwa dawa. Ikabaki juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye viti. Mama akafariki. Macho ya baba nayo yakafifia, mwishowe akawa haoni kabisa.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kujaa, na vipuri navyo vikaanza kuonekana. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ndipo alipokuja Gervas, fundi magari, kijana wa Mbinga aliyepanga chumba mjini. Alimwamkia baba, akaizunguka ile Pijo, akasema, "Mzee, hii haijafa. Imelala tu."

Baba akacheka! Hakuwa amecheka tangu tumzike mama. Nami nikampenda Gervas siku ile ile.

Tulihangaika na lile gari kama wazazi wanaouguza mtoto. Niliuza cherehani yangu tukapata pistoni na klachi. Nilikwenda Dar es Salaam kwa basi kutafuta kabureta, nikarudi nimeipakata. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Baba alikaa kwenye kigoda akisikiliza. "Plagi moja haichomi," alikuwa akisema, na kweli!

Siku injini ilipowaka, baba alilia. Ni yeye aliyenifundisha kuendesha, ameketi pembeni yangu, haoni kitu. "Badili gia, mama! Unalitesa!" Trafiki walikagua breki, taa na honi, wakaturuhusu kuingia barabarani.

Gervas alikuwa ameniahidi kunioa. Kila nilipomwambia twende kwao nikawasalimie wazazi wake, alijibu, "Tutakwenda na gari letu, Fabiola. Subiri likae sawa." Letu! Neno hilo lilinilewesha. Ningelitiliaje shaka?

Hatimaye tukapanga Jumapili wazazi wake waje kujitambulisha. Alhamisi Gervas akaomba gari akawachukue. Baba mwenyewe ndiye aliyemkabidhi ufunguo. Aliahidi kurudi Ijumaa.

Ijumaa ikapita... Nilikuwa ndani, nje, ndani, nje. Nikaunguza maharage. Baba alinikemea, "Kaa chini, mwanangu, barabara ni mbovu." Nikae chini vipi? Niliona breki zimekatika, niliona Gervas amelala bondeni akiniita!

Jumamosi alfajiri nikadandia lori la saruji la kwenda Mbinga. Njia nzima nilichungulia makorongo, nikiomba rozari. Kila bati lililong'aa shambani lilinikata maini.

Tulipoingia Mbinga, nikaiona. Pijo ya baba! Nzima, imeoshwa, imeegeshwa mbele ya kanisa... imefungwa maua na vitambaa vyeupe kuanzia boneti mpaka nyuma. Nilishuka nikicheka kwa furaha kwamba yu hai!

Mzee mmoja alikuwa akiweka sawa kitambaa kwenye kioo. Nikamwamkia, nikamuuliza kuna nini.

"Marahaba, binti. Harusi. Hili gari la bwana harusi mwenyewe, mtoto wetu Gervas. Songea mambo yamemnyookea!"

Wasomaji, mmewahi kusikia masikio yakivuma mchana kweupe? Sikupiga kelele. Nilifungua mlango, nikaketi kwenye kiti cha dereva. Ufunguo ulikuwa pale pale. Nikauzungusha, injini ikaitika mara moja.

Gervas aliusikia mlio ule. Alitoka kanisani mbio, suti nyeusi, jasho linamtiririka. Nyuma yake mlangoni akasimama msichana mwenye shela, mdogo, macho yamemtoka. Hata yeye hakujua lolote, maskini!

"Fabiola, ngoja! Ningelirudisha Jumatatu! Haki ya Mungu, gari lenu ningelirudisha!"

Gari! Alidhani nimefuata gari!

"Na mimi, Gervas? Mimi ungenirudishia nini?"

Nikaingiza gia, nikaondoka.

Sijui niliipandaje ile milima peke yangu. Nililia, nikapiga honi, nikalia tena. Watoto wa njiani walipunga mikono na kupiga vigelegele, wakidhani wanaona harusi...

Baba alikuwa amesimama uani nilipofika. Alikuja akipapasa, akagusa boneti, akakutana na maua. Uso wake ukasawijika.

"Mmefunga ndoa huko huko, mama? Bila mimi?"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia! Nilimweleza yote, nimemshika miguu. Hakumlaani Gervas. Aling'oa maua yale kwa mikono yake, taratibu, mpaka likaisha la mwisho. Kisha akasema, "Kesho utanipeleka misa. Tutapita katikati ya mji, na kioo usifunge."

Tukaenda. Habari zilikuwa zimeshatutangulia. Watu walitutazama, wengine walicheka, wengine waligeuza nyuso. Baba aliketi wima pembeni yangu akiwasalimia wote kwa sauti.

Niliolewa baadaye na mtu mwingine, tukapata watoto. Lakini moyo ulichelewa sana kutulia, na sidhani kama umetulia wote.

Mabinti zangu mnaosoma haya, nawasihi! Mchumba anayejenga kila kitu pamoja nawe isipokuwa njia ya kwenda kwao, muulize kwa nini. Muulize mapema, ukiwa bado una nguvu za kusikia jibu.