Kioo cha Boti ya Hinewai

Jumamosi ile duka la vifaa vya boti pale Whangarei, mji wa bandari, lilifurika, kwani mapumziko ya sikukuu yalikaribia na mji mzima ulitaka kuingia majini. Hinewai, mwalimu wa chekechea, alikuwa kwenye foleni na gauni lake la maua na mabuti meupe ya mpira, mkononi tyubu ya gundi nyeusi ya kuziba sitaha. Akarudi nyuma hatua moja, akamkanyaga Rewi, fundi wa vioo vya boti.

"Pole, kaka! Nimekuumiza?"

"Kidole kimekufa. Mazishi ni juu yako."

"Basi twende msibani. Nakununulia pai."

Wakala pai kando ya mto, mvua laini ikiwanyeshea, na wala hawakuiona. Tangu siku hiyo, jioni zao zilikuwa za boti kuukuu aliyoachiwa Hinewai na baba yake. Walikaa humo begani kwa bega, maji yakiitikisa taratibu, wakizungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mapenzi yakawalevya wote wawili.

Kioo cha mbele cha boti kilikuwa kimechakaa. Rewi akakata kipya cha akriliki, ile plastiki ngumu, kikang'aa hata ukadhani hakipo, akakiacha botini.

"Nakuja kukifunga Jumapili. Usikiguse, mpenzi," alisema, kisha akainamisha macho. "Hine, nimepata kazi ng'ambo, kule Brisbane. Ukiniambia nibaki, nabaki."

"Acha nikuringie kidogo," Hinewai akacheka. Moyoni alishamjibu zamani.

Jumapili gari la Rewi likaharibika njiani. Hinewai, kiherehere chake hicho, akachoka kungoja. Gundi nyeusi ilibaki, na watu wa boti wa pwani ile huipenda mno, huipaka popote. Kama inashika sitaha baharini, kioo kitaishinda? Akakibandika mwenyewe, akajipongeza.

Haikuchukua muda, nyufa nyembamba zikatambaa kutoka kingoni, kioo kizima kikafifia. Hinewai akapiga simu damu ikimchemka.

"Umenipa plastiki ya takataka!"

"Mimi? Nimekukatia ile bora kuliko zote!"

"Nenda Brisbane ukawadanganye wa huko!"

Kisha Rewi akasema kwa sauti ndogo, "Haya," na simu ikakatika. Hinewai akalia mpaka macho yakavimba.

Kesho yake akaenda dukani kutafuta kioo kingine. Pare, mama mwenye duka, alisikia habari ya nyufa, akauliza, "Ulikifunga na nini?"

"Ile nyeusi ya sitaha."

"Wee mtoto! Ile inakula akriliki! Kioo hicho kinataka gundi ya silikoni, tena ile isiyonuka siki."

Hinewai akatoka nje, akampigia Rewi simu.

"Rewi, kosa ni langu. Nilitumia gundi ya sitaha."

"Ya sitaha? Kwenye akriliki?" Rewi akashusha pumzi. "Mungu wangu, Hine."

"Cheka tu. Nastahili."

"Siwezi kucheka. Nafunga mizigo."

Hata hivyo kesho yake asubuhi alikuja botini, kioo kingine kipya kwapani. Walifanya kazi bila maneno mengi, Hinewai akisukuma silikoni, Rewi akikaza skrubu kwa upole ili plastiki ipate nafasi ya kutanuka juani. Jua la asubuhi likapita katika kioo, likawamwagikia mapajani. Kazi ilipokwisha, Rewi akafuta mikono, akachukua koti.

"Usiende," Hinewai akasema.

"Kioo kiko salama sasa."

"Sisemi kioo. Hata kingevunjika vipande, ningekuita wewe. Nakupenda, Rewi. Baki."

"Brisbane wananingoja Jumatatu ijayo."

"Waambie una mchumba huku."

"Mchumba gani?"

"Huyu hapa. Bado hujamuuliza."

Rewi akaweka koti chini, akapiga goti kwenye sitaha, akamuuliza.