Mzigo wa Neli Kabla ya Mafuriko

Mimi Anyisile ni mfinyanzi. Mkamwana wangu Neli ni mfinyanzi pia. Mwanangu Tomasi anavua samaki ziwani. Enzi za Wajerumani tulikaa karibu na mahali mto Lufilyo unapoingia ziwani.

Mwaka mmoja, masika, mto ulifurika. Tulikimbilia mlimani, kila mtu na alichokishika. Tomasi alishika jogoo! Mimi nilibeba chungu kipya ambacho sijakichoma, na ndani nimetia kiberiti. Mvua ikanyesha. Chungu kikageuka matope kichwani kwangu. Watu walicheka, lakini kwa siku tatu hatukuwa na moto. Tulitetemeka mno.

Masika mengine yalipokaribia, Neli alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama," aliniuliza, "nikijifungulia kule kwenye baridi, mtoto ataishi?"

Niliogopa sana.

Neli hakukaa bure. Alifinyanga mtungi mkubwa, akauchoma vizuri. Akaujaza unga, usipa wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, chumvi, blanketi, hata jembe. Jirani yetu Lazaro akapita. Huyo aliwahi kuwa mpagazi, akabeba mizigo ya misafara kutoka ziwani hadi milimani.

"Ndaga, mama!" alimsalimu Neli kwa lugha ya kwetu. "Huo ni mtungi au nyumba?"

"Ni mzigo wetu wa mafuriko," alijibu Neli.

"Haya, Tomasi, ubebe twende," Lazaro alimwambia mwanangu.

Tomasi akajaribu kuuinua. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mtungi haukusogea hata kidogo.

"Mnaona?" Lazaro alisema. "Mzigo wa hatari uwe mwepesi. Jiulizeni: tukikaa siku tatu bila msaada, tutahitaji nini? Maji safi, chakula kisichooza, moto, blanketi, kisu na kamba. Jembe libaki! Gaweni kwenye vyungu vidogo, kila mtu na chake."

"Na kiberiti?" niliuliza haraka. Hilo lilikuwa linaniuma.

"Kwenye chungu kilichochomwa, mama, kilichochomwa! Kifunike, uzibe kwa nta ya nyuki."

"Na mtoto wangu?" Neli aliuliza.

"Kitambaa safi kikavu, na uzi na wembe vya kitovu. Uzi na wembe vichemshwe kabla ya kutumiwa."

Tulifanya hivyo. Vyungu tukavitundika kwa kamba karibu na mlango. Tomasi akajenga kibanda cha mianzi mlimani, akaweka kuni ndani.

Siku chache baadaye Lazaro alipiga kelele nje: "Maji! Maji!" Yalikuwa majaribio tu. Tulibeba, tukapanda mbio. Kule juu tukafungua vyungu. Usipa hawapo!

Wote walinitazama mimi.

"Walinukia vizuri mno," nilisema.

Lazaro alicheka mpaka akakaa chini. "Kula si kosa, mama. Chakula cha akiba huliwa kabla hakijaharibika. Kosa ni kutokuweka kingine!"

Siku hiyo hiyo niliweka wengine. Na sikuwagusa, jamani, ingawa roho iliniuma.

Jumapili moja asubuhi mto ulikuja kweli. Hakuna aliyetafuta kitu wala kugombana. Kila mmoja alichukua chungu chake, na Tomasi akamshika mkono mkewe. Tulipofika kibandani tu, uchungu ukamshika Neli.

Nje mvua ilimwagika. Nilibandua nta. Nikawasha njiti ya kwanza. Ikawaka! Nilipiga vigelegele hata kabla mjukuu hajazaliwa. Tuliteleka maji, tukachemsha wembe na uzi. Majirani wakaja kuomba moto, nikawapa wote.

Alasiri alizaliwa msichana. Alilia kwa nguvu, nikamfunga kwenye kitambaa kikavu. Neli alicheka huku machozi yakimtoka.

Bondeni maji yalikuwa yanaibeba nyumba yetu kuelekea ziwani. Tomasi aliitazama mara moja tu, akaupa mlango wa kibanda mgongo.

"Mama," akasema, akinyoosha mikono, "nipe mwanangu."