Mbu wa Nyumba ya Kumi na Saba

Mbu walikataa kufa. Frida, mpimaji wa maabara mjini Tarime, aliwafunika kwa kikombe cha plastiki, juu ya kipande cha udongo kilichobanduliwa kwenye ukuta wa nyumba ya kumi na saba, kule kijijini Gorong'a. Kwenye vipande vya nyumba nyingine, dawa mpya ya kupuliza ukutani waliyokuwa wanaijaribu iliwalaza mbu chali. Hawa walitulia tu, wote wamemgeukia yeye, na kile kipande kilikuwa kinatoka jasho. Kilinuka kama shuka la mtoto mwenye homa.

Halafu kikakohoa.

"Bosi," Frida alinong'ona, "kuna mtoto humu."

Stanslaus, msimamizi wa wapulizaji, alikuja amefura. "Mtoto gani? Andika wamekufa, tufunge ripoti."

"Robi, mtoto wa Wegesa, alifia nyumba hiyo mwezi jana. Malaria. Na mdogo wake bado analala humo humo. Mlipuliza nini?"

"Dawa! Unaniuliza kama nani?"

Mwongo mkubwa, tena asiye na haya! Siku ya kupuliza nyumba hiyo dawa ilimwishia, mvua inakuja, akajaza bomba maji matupu, akapuliza, akaweka alama ya chaki mlangoni kwamba nyumba imeshapulizwa, na kurudi zake Tarime. Na Wegesa wa watu alimshukuru!

Sasa akataka kuwatupa wale mbu. Alichukua mrija wa kuwanyonyea, akautia mdomoni, akavuta, na badala ya mbu kubaki mrijani kama siku zote, kitu cha baridi kikapita kitambaa cha kuwazuia, kikapita ulimi, kikamshuka kooni kikikohoa, macho yakamtoka, harufu ya homa ikajaa chumba kizima, na mdomo wake ukaanza kulia kwa sauti ya mtoto wa miaka minne, kwa Kikurya, lugha ambayo Stanslaus hajui hata salamu yake.

"Mama," ililia ile sauti, "ukuta una maji tu."

Frida akampigia simu Wegesa, kisha akamwita Swaleh, fundi cherehani wa jirani anayewasomea wenye majini. Swaleh alisoma mpaka kanzu ikalowa.

"Kwangu hatoki," alimwambia Wegesa alipofika. "Atamsikiliza mama yake. Mwambie tu atoke."

Stanslaus alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Ilikuwa nyumba yako tu, haki ya Mungu!"

Ile sauti ndogo ikamkatiza, ndani ya mdomo wake mwenyewe: "Na kwa kina Mogesi."

Wegesa alilia kwa uchungu, kisha akafuta uso. Aliinama karibu kabisa na mdomo wa yule mtu.

"Robi, mwanangu. Kaa humo humo. Usitoke mpaka azitaje nyumba zote alizopuliza maji. Kuna watoto wanalala kwenye nyumba hizo."

Frida akafungua daftari. Stanslaus akaziba mdomo kwa mikono miwili, na nyumba ya tatu ikatajwa hivyo hivyo, kupitia vidole.