Diski ya Mwisho Imekodiwa

Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa jikoni nimeinamia sinki, nasugua raba zangu za shule kwa mswaki mkuukuu, Bibi akaita kutoka sebuleni.

"Nyie watu! Leo mnaniletea muvi, au niendelee kutazama ukuta mpaka mguu upone?"

Bibi aliteleza bafuni kwake, mguu ukavunjika, akafungwa plasta mpaka gotini. Mjomba akamleta kwetu kwa sababu sisi tuko karibu na hospitali, akasema plasta ikitolewa atakuja kumchukua. Kwetu ni mimi na Mamdogo tu, mdogo wake mama yangu. Tunakaa ghorofa ya nne katikati ya mji, na lifti ya jengo letu ni pambo. Kwa hiyo Bibi akishapanda, amepanda.

Mamdogo akatoka chumbani anafunga mkanda wa gauni lake la kijani, hereni moja sikioni, nyingine mdomoni.

"Mama, si nimekuwekea muvi kwenye simu?"

"Kwenye simu! Nitazame watu wadogo kama sisimizi? Na kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka na mimi kichwa kinazunguka. Nataka muvi ya kutia kwenye deki. Runinga ipo, deki ipo, kilichokosekana ni watu wa kwenda kutafuta."

Mamdogo akaniangalia. "Vaa viatu twende, kabla hajatutoa roho."

"Vimelowa," nikasema.

"Vaa hivyo hivyo."

Ukiishi katikati ya mji watu wanakuonea wivu, wanasema wewe kila kitu kiko mlangoni. Ni kweli, ukishuka ngazi unaikuta benki, duka la dawa, kinyozi, na watu watatu wanaouza chaja za simu. Lakini jaribu kutafuta mahali pa kukodi muvi. Tulianza na mlinzi wetu, akacheka mpaka akakohoa. "Kukodi? Bado kuna watu wanakodi?" Akatuelekeza kwenye duka fulani karibu na posta, tukakuta linauza magodoro. Muuza magodoro akatutuma kwa jamaa wa vifaa vya umeme, yule akasema tulete flashi atujazie. Deki ya Bibi haina mahali pa kuchomeka flashi. Mwingine alikuwa nazo diski, ila anauza, hakodishi, na zote za watu kupigana.

"Mama yangu akiona ngumi lazima ajue waligombania nini," Mamdogo akamwambia. "Humu kuna anayesema?"

"Hakuna, dada."

"Basi asante."

Jua lilishakuwa kali. Tukaingia kwenye lile jengo la mafundi saa lililo ng'ambo ya barabara, linalotazamana na letu kabisa, maana Mamdogo alitaka kutoa fotokopi ya kitambulisho. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanasukumana, mashine inanguruma, na kila mtu anasema yeye ana karatasi moja tu. Raba zangu zinalia kwechi kwechi. Mamdogo akaanza kulalamika. Alikuwa ananiambia mimi, lakini sauti yake haijui kumwambia mtu mmoja.

"Yaani mji wote huu, magari yote haya, hakuna mtu hata mmoja anayekodisha muvi?"

Mwanaume aliyekuwa mbele yetu akageuka taratibu.

"Yupo mmoja," akasema. "Na umemkanyaga."

Mamdogo akatazama chini. Kisigino chake kilikuwa juu ya dole gumba la yule mtu, aliyevaa sandali.

"Jamani! Pole! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja umalize. Ulikuwa unalalamika vizuri."

Alikuwa mrefu, shati la drafti mikono imekunjwa, kitana mfuko wa kifuani. Mkononi ameshika rundo la karatasi za makava ya muvi zilizopauka kwa jua, alikuja kuzitolea fotokopi mpya za rangi.

"Unakodisha kweli, au unanitania?"

"Nakodisha. Ghorofa ya pili, humu humu. Bango lilianguka."

"Lilianguka lini?"

"Zamani kidogo."

"Sasa wateja wanakupataje?"

"Wananikanyaga."

Mimi nilicheka ndani ya kola ya blauzi yangu. Mamdogo alijikaza, lakini nilimwona mashavu.

Jengo zima walimwita Deki. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye rafu mpaka darini na harufu ya spiriti anayofutia rafu. Nilipochungulia dirishani nikaona kitu, nikamvuta Mamdogo mkono. Pazia letu la maua! Dirisha la Deki lilikuwa linaangalia dirisha la sebule yetu. Tulizunguka mji mzima kutafuta kitu ambacho Bibi angeweza kukipungia mkono.

Deki hakukimbilia rafu. Aliuliza kwanza. "Mama anapenda kulia?"

"Anapenda, ila mwishoni wapatane."

"Anapenda nyumba nzuri nzuri?"

"Mno. Anapenda kusema wamezipanga vibaya."

Akampa tamthilia ndefu ya dada wawili waliorithi hoteli. Dada mkubwa anabaki kuiendesha, mdogo anaondoka kwa hasira. Akatoa diski ya kwanza tu. "Akiipenda mtarudi. Namba yangu iko nyuma ya kava."

Bibi aliipenda mpaka akasahau kuomba dawa ya maumivu. Jumatatu Mamdogo akarudi kuchukua ya pili, Jumatano ya tatu. Nilianza kuona mambo. Mtu aliyekuwa akitoka kazini anavua viatu mlangoni na kulala kwenye kochi, sasa anatoka kazini, anapaka mafuta ya midomo, anasema, "Ngoja nikamrudishie yule mtu diski yake."

Mamdogo anatengeneza miwani, anakata vioo na kuvifunga kwenye fremu. Siku moja nilikuwa naye dukani, Deki akapangusa diski kwa pindo la shati lake. Mamdogo alipiga kelele utadhani kaona nyoka.

"Unafuta kwa shati! Kazini kwangu mtu akifuta miwani kwa shati namnyang'anya."

"Ninyang'anye basi, daktari wa macho."

"Mimi si daktari."

"Mbona tangu uje naona vizuri?"

"Koma wewe!" Lakini kesho yake akampelekea kitambaa cha kufutia miwani, cha bluu, kilaini kama sikio la paka. Deki akakikunja mara mbili na kukitia mfukoni, kitana kikahamia droo.

Usiku ukuta wa chumba tunacholala mimi na Bibi ulikuwa unanisimulia, maana upande wa pili Mamdogo anaongea na Deki, simu kaiweka spika. "Hujalala, daktari wangu?" "Nitalalaje na wewe unapiga?" "Basi nikate." "Kata uone." Hakuna aliyekata.

Tukafika diski ya mwisho. Mamdogo akarudi mikono mitupu.

"Imekodiwa," akamwambia Bibi.

"Na nani?"

"Mtu tu. Anasema nirudi kesho."

Kesho ikawa haijarudi. Keshokutwa mteja kasafiri nayo. Mamdogo wala hakukasirika. Kusema kweli, kuambiwa arudi kesho kulikuwa kunampendeza kuliko alivyotaka tujue. Bibi ndiye aliyekuwa hatulii. Kila jioni, "Hivi yule mdogo alirudi hotelini, au hakurudi?" Na mimi nikitoka shule namkuta na simu sikioni, anacheka, "Haya mwanangu, kaza hapo hapo." Nikajua anaongea na Mjomba.

Halafu Mjomba akapiga kweli. Plasta inatolewa Ijumaa, Jumapili anakuja kumchukua Bibi. Hapo sura ya Mamdogo ikabadilika. Bibi akiondoka hana tena sababu ya kupanda zile ngazi. Na kumwacha mama yake aondoke bila kuona mwisho, hilo nalo hakulitaka. Ijumaa tulipotoka hospitali, Bibi akiwa kochini na mguu wake mwembamba mpya, Mamdogo akanishika mkono tukavuka barabara.

Deki alikuwa anaongea na mteja kwenye simu. Akamwonyesha Mamdogo kwa ishara, nipe kalamu, iko kwenye droo. Mamdogo akaivuta droo. Kitana. Kalamu. Na kitambaa cha bluu kimefunga kitu cha duara.

Akakifungua. Akasoma. Deki akakata simu bila kuaga.

"Hii nini?"

Deki akaisukuma droo, ikagoma kufunga.

"Nakuuliza wewe. Hii nini?"

"Ya mwisho."

"Mteja kasafiri nayo, eti? Amesafiri mpaka kwenye droo? Mama yangu anaondoka keshokutwa. Kila siku ananiuliza yule mdogo alirudi au hakurudi, wewe umeifungia humu. Tena kwa kitambaa changu!"

"Nina sababu."

"Itaje."

Deki akanitazama mimi, akatazama dari, akatazama nje dirishani. "Siwezi. Si yangu peke yangu."

Mamdogo akakitazama kile kitambaa chake. Nilitamani apige kelele.

"Ahaa. Una mwenzako. Basi mtazame naye."

"Hapana, sikiliza, mpenzi..."

"Mpenzi wako ni huyo wa siri."

Akaiweka diski mezani. Hata na hasira zile aliiweka polepole, upande wa maandishi chini, isikwaruzike. Halafu akaondoka, mimi nyuma yake. Nilipogeuka Deki alikuwa amesimama palepale, mikono hajui aitie wapi.

Nyumbani simu ikaita, Mamdogo akaigeuza kifudifudi mezani. Ikaita tena. Akaenda kusimama jikoni akafungua bomba, hana anachoosha.

"Kuna nini?" Bibi akauliza.

"Mtu wako wa deki ni mwongo. Diski alikuwa nayo siku zote. Namuuliza kwa nini, ananiambia sababu si yake peke yake. Ana mtu, Mama. Mimi nimepanda ngazi zile kama mbuzi, kumbe mwenzangu ana mtu."

Bibi akavuta khanga mabegani. Akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Hakukutajia huyo mtu?"

"Amekataa."

"Kijana mzuri," Bibi akasema. "Nilimwapisha, na amekaza kweli. Huyo mtu ni mimi."

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Nikaenda kulifunga mimi.

"Wewe nani?" Mamdogo akauliza.

"Mimi mama yako. Namba si iko nyuma ya kava? Mguu uko juu ya mto, nyie mmeenda kazini na shule, ningeongea na nani? Nikampigia tukazungumza habari za hoteli. Siku nyingine ananipungia pale dirishani. Ulipokaribia ya mwisho nikamwambia, mwanangu, ukimpa hiyo atakuja kwako kufanya nini? Akakataa, akasema hawezi kukudanganya. Nikamwambia basi nitalia. Nikalia."

"Mama!"

"Kidogo tu."

"Na wewe kila jioni unaniuliza yule mdogo alirudi au hakurudi!"

"Sasa ningekuuliza nini? Ningekuuliza wewe umempenda au hujampenda, ungenijibu?"

Mamdogo akatoka jikoni, akaja sebuleni.

"Yule mdogo alirudi," Bibi akasema, sauti imeshuka. "Dada yake alikuwa hajafunga mlango wa nyuma miaka yote. Deki alinisimulia siku nyingi. Mwisho wa ile naujua, mwanangu. Nisioujua ni wako, na Jumapili naondoka."

Mamdogo alisimama katikati ya sebule anakunja pindo la gauni lake la kijani, anakunja, anakunjua. Kisha akacheka. Akafuta macho kwa kiganja, akaniuliza, "Viatu vyangu viko wapi?" na kabla sijamjibu akachomeka miguu kwenye ndala zangu za bafuni, ndogo, visigino vinaning'inia nje. Mlango ukabamizwa nyuma yake. Tukasikia ndala zinashuka ngazi, pa, pa, pa, mpaka chini.

Simu yake ikabaki mezani. Ikatetemeka.

"Soma," Bibi akasema.

"Si yangu, Bibi."

"Soma, mimi sina miwani."

Nikasoma kwa sauti ndogo. "Nikifunga duka nitamwachia mlinzi wenu diski, Mama atazame. Sitakusumbua. Naomba neno moja tu kutoka kwako, hata liwe la kunitukana."

Bibi akajivuta mpaka dirishani, mkono mmoja begani kwangu. Jioni ilikuwa imeingia, taa za maduka zimewashwa. Ng'ambo, ghorofa ya pili, Deki alikuwa amesimama mbele ya rafu zake, simu ameishika kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto, anaitazama. Chini, gauni la kijani lilikuwa linakatiza katikati ya magari, dereva mmoja anapiga honi, Mamdogo anamwonyesha kiganja, subiri.

"Mjibu," Bibi akasema. "Mwambie anakuja, mtoto wa watu asife."

Nikachukua simu. Nikaandika herufi ya kwanza, nikafuta. Nikaandika tena.

Gauni la kijani lilishapotelea ndani ya jengo lao. Ng'ambo Deki akainua kichwa ghafla, akageuka kuutazama mlango wake. Akaiweka simu kwenye rafu bila hata kuangalia anaiweka wapi.

"Acha," Bibi akaninong'oneza, utadhani watatusikia. "Usijibu."

Nikafuta ile herufi, nikairudisha simu mezani. Ujumbe ukabaki pale, mwanga ukazima wenyewe.