Daftari la Bi Shemsa

Kifunuzi hakifungui daftari. Unaliweka kwenye sinia lake la kioo likiwa limefungwa vilevile, na miale yake inapenya ukurasa kwa ukurasa, ikitenganisha wino na wino, hata uliofutwa. Kisha maneno yanajitokeza ukutani, makubwa, kwa mwandiko wa mwenyewe.

Mhandisi Hemedi aliyaeleza yote hayo, lakini Bi Shemsa Kijazi, mwimbaji wa taarabu, hakuwa anasikiliza. Alikuwa akiukagua mkataba. Jumba hili la kumbukumbu hapa Tanga liliomba madaftari yake, magauni ya jukwaani na mabango, ilhali yeye bado anaimba kila Jumamosi. Vya mtu aliye hai vya nini? Lazima kuna namna.

"Mnataka kuniibia sauti," alisema. "Mtengeneze roboti liimbe, mimi nikae nyumbani nimenye vitunguu."

"Hapana, mama. Ni karatasi tu."

"Niandikie hivyo. Na utie sahihi."

Hemedi akaandika. Salha, mpiga fidla wa Shemsa kwa miaka thelathini, alicheka mpaka akashika mbavu. "Shoga, wewe hata kivuli chako unakishuku! Mhandisi, anza na 'Umenivalia Kanga Yangu'."

Huo ndio mpasho uliowapa jina. Mji mzima ulijua kanga ni mume, na kwamba umemlenga Zena, mwimbaji wa kundi pinzani, ingawa Shemsa hakuwahi kukiri. Mpasho ndivyo ulivyo: humtaji mtu, na ukiulizwa unasema ni wimbo tu.

Hemedi akaliweka daftari. Beti zikapanda ukutani. Juu ya beti hizo palikuwa na doa jeusi, mahali Shemsa alipokwaruza kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kifunuzi kikaliondoa doa tabaka kwa tabaka, taratibu, na chini yake pakabaki maneno mawili: *Kwa Salha.*

Ya Rabi! Kicheko cha Salha kilikatika pale pale.

"Ni wimbo tu," Shemsa alisema haraka.

"Hivyo hivyo ulimwambia Zena. Nilikuwepo. Tulimcheka njia nzima." Salha alizidi kuukazia macho ukuta. "Ulidhani natembea na mumeo?"

Hemedi aliinamisha kichwa, akajifanya anafuta kioo.

"Nilidhani," Shemsa alisema. "Nilikuona naye mara mbili sokoni, nikajaza mwenyewe yaliyobaki. Baada ya wiki moja nikajua si wewe. Ndipo nikalifuta jina, Salha, Mungu shahidi yangu."

"Na wimbo je?"

Shemsa alilia sasa, waziwazi, kanga mdomoni.

"Wimbo ulikuwa umeshapendwa," alisema.